Picha Zinazocheza na Biashara Ndogo: Kinachosonga, Anayelipa na Aliye Pichani



Siku ya soko, kabla jua halijachomoza, wenye biashara wengi huwa wameshaweka tangazo kwenye Status ya WhatsApp. Muuza mitumba ameweka robota lililofunguliwa asubuhi hiyo. Mama mboga ameweka nyanya na sukuma wiki. Fundi wa vyuma ameweka geti alilomaliza jana jioni. Mteja anazipitia zote kwa kidole akiwa ndani ya matatu, simu imezimwa sauti, na kila tangazo linapata muda wa kupepesa macho tu. Ndiyo sababu wengi wameanza kutumia picha zinazocheza, zile fupi za sekunde mbili tatu zinazojirudia zenyewe bila sauti, ambazo vijana huziita GIF. Kitu kinachosonga hulivuta jicho, na mteja ambaye angepita husimama kidogo.

Lakini kulivuta jicho ni jambo moja na kuuza ni lingine. Kuna mambo matatu ambayo mwenye biashara hulazimika kuyaamua, ajue au asijue: ni kitu gani kisonge, ni nani atakayelipia bando la kukiona, na mtu aliyeonekana humo amekubali au la. Hilo la tatu limewatoa baadhi ya Wakenya mamilioni ya shilingi.

Kwanza asili yake, kwa ufupi. GIF ni aina ya faili la picha iliyotolewa na kampuni ya Marekani iitwayo CompuServe mwezi Juni 1987, kazi iliyoongozwa na mhandisi Steve Wilhite. Wakati huo laini za simu zilikuwa za polepole mno, na shabaha ilikuwa kuifinya picha ya rangi ili isafiri bila kumchosha anayeingoja. Toleo la mwaka 1989 liliruhusu picha kadhaa zilizo ndani ya faili moja kuonyeshwa kwa kufuatana kwa muda uliopangwa. Katikati ya miaka ya 1990 programu ya intaneti ya Netscape ikaongeza uwezo wa kuzirudia picha hizo bila kikomo, na hapo ndipo zilipoanza kucheza. Kuhusu jina, Wilhite mwenyewe alisisitiza mwaka 2013 kwamba hutamkwa kwa herufi ya J, kama "jifu". Wengi duniani walikataa na wanaendelea kukataa. Atakayeitamka kwa G hatanyimwa leseni ya biashara.

Kuna jambo moja la kiufundi ambalo lina faida kwa mwenye duka. Faili la GIF hubeba rangi zisizozidi 256 katika kila picha. Kwa mchoro, nembo ya duka au maandishi ya bei, rangi hizo zinatosha na kubaki. Kwa kitenge au leso yenye rangi zinazoingiliana, hazitoshi. Kitambaa hutoka na madoa madoa, wekundu unakuwa wa matofali, na mteja akifika dukani anasema hiki si kile alichokiona. Muuza vitambaa hupata matokeo bora kwa picha ya kawaida iliyopigwa mchana karibu na mlango, au kwa video fupi. Muuza chakula naye aangalie, maana pilau ikipoteza rangi yake hufanana na kitu kilicholala.

Jambo la pili ni uzito. Faili la GIF hufinywa vizuri pale ambapo sehemu kubwa ya picha ni ya rangi moja na haibadiliki. Jina la duka juu ya rangi moja, bei ikibadilika hapo katikati, linaweza kuwa jepesi kama picha ya kawaida au pungufu. Lakini video ya soko lenye watu, ikigeuzwa kuwa GIF, huwa nzito mara nyingi kuliko video yenyewe, kwa sababu kila nukta ya picha inabadilika na hakuna kilichobaki cha kufinywa. Wengi hudhani kwamba GIF ni nyepesi kwa kuwa ni fupi na haina sauti. Mara nyingi ni kinyume. WhatsApp yenyewe inalijua hilo: kinachotumwa humo kwa jina la GIF huwa kimegeuzwa kuwa video fupi isiyo na sauti. Kwa hivyo mfanyabiashara ambaye kazi yake yote iko kwenye WhatsApp hana haja ya kutafuta programu za kutengeneza GIF. Anapiga video ya sekunde chache, anaikata ibaki chini ya sekunde 6, na kabla ya kuituma anachagua alama ya GIF inayojitokeza hapo juu.

Siri kubwa ya wepesi, na ya uzuri pia, ni kuituliza simu. Mkono ukitikisika, ukuta unatikisika, rafu zinatikisika, kila kitu kinasonga isipokuwa macho ya mteja, ambayo hayajui pa kutua. Simu ikiegemezwa kwenye mkebe au chupa ya maji na kuachwa hapo, kinachosonga ni bidhaa peke yake. Hili halihitaji fedha wala mafunzo. Linahitaji mkebe.

Sasa, kitu gani kisonge? Matangazo mengi yanayoonekana siku hizi yana nyota zinazometameta, moto unaowaka kwenye neno OFA, na mishale inayorukaruka. Vitu hivyo hulivuta jicho mara ya kwanza, lakini havimwambii mteja lolote kuhusu bidhaa, na mara ya tatu jicho limezoea na kupita. Kinachofaa kusonga ni kile ambacho picha iliyotulia haiwezi kukieleza. Kochi linalokunjuliwa likawa kitanda. Geti la kuteleza linalosukumwa kwa kidole kimoja kuonyesha kwamba magurudumu yake ni mazuri. Jiko la makaa linalowashwa na moto wake. Begi la shule ambalo zipu yake inafunguliwa na kufungwa mara tatu bila kukwama, kwa kuwa mzazi yeyote anajua begi huanza kufia kwenye zipu. Chapati inayovutwa taratibu ikaonyesha tabaka zake. Fundi cherehani anaweza kuonyesha gauni lile lile kabla ya kupunguzwa kiuno na baada, picha mbili tu zikibadilishana, na hiyo ni GIF kamili.

Kwa upande mwingine, mahindi kwenye gunia hayana cha kusonga. Wala sukari. Wala saruji. Mwenye kuuza vitu hivyo aweke picha safi na bei yake, asijisumbue. Isipokuwa anataka kuonyesha mizani ikisoma kilo 90 mbele ya macho ya mteja, na hapo kweli kuna la kuonyesha.

Picha ya kwanza ndani ya mfululizo ndiyo iliyo muhimu kuliko zote. Mteja aliyezima upakuaji wa moja kwa moja huona kivuli cha picha hiyo kabla hajaamua kuifungua. Baadhi ya programu za baruapepe kwenye kompyuta, hasa matoleo ya zamani ya Outlook, huonyesha picha ya kwanza tu na nyingine hazichezi kabisa. Tangazo ambalo bei yake huja mwishoni baada ya maua kuchanua na jina la duka kuzunguka, kwa wateja hao halina bei. Jina, bidhaa na bei viwepo tangu picha ya kwanza. Na maneno yawe machache, yakae muda wa kutosha msomaji wa polepole kuyasoma mara mbili. Nambari ya kulipia kwa M-Pesa isiwekwe ndani ya picha inayobadilika. Mtu hawezi kuinakili, na akiikosea tarakimu moja fedha zinakwenda kwa mwingine. Mahali pake ni kwenye maandishi chini ya picha.

Kuhusu anayelipa, hesabu yake ni fupi lakini wachache huifanya. Chukua mwenye duka aliye na wateja 200 kwenye orodha yake ya kutumia ujumbe kwa pamoja. WhatsApp huruhusu hadi watu 256 katika orodha moja kama hiyo, na humfikia yule tu aliyehifadhi nambari ya mwenye duka kwenye simu yake. Mwenye duka akituma video ya megabaiti 4, yeye hulipia megabaiti 4 za kuipakia. Wateja wake 200, wakiifungua wote, kwa jumla hulipia megabaiti 800. Akituma kila siku kwa siku 6 za kazi, kila mteja ametumia megabaiti 24 kumtazama. Kwa mtu mwenye Wi-Fi ofisini hilo si neno. Kwa mama anayenunua bando la siku moja ili mtoto wake apate kazi ya shule, ni neno. Hatalalamika. Atainyamazisha tu nambari ya duka, na siku duka litakapokuwa na kitu anachokihitaji kweli hataona.

Ndiyo maana tangazo linalocheza linafaa zaidi kwenye Status, ambako anayetaka hufungua mwenyewe na baada ya saa 24 linatoweka, kuliko kumiminwa kwenye simu ya kila mteja. Orodha ya bidhaa yenye bei nayo ina mahali pake. WhatsApp Business, programu iliyotolewa mwaka 2018 kwa ajili ya biashara ndogo, ina sehemu ya katalogi ambayo mteja huitembelea kwa hiari yake akiwa na swali.

Nje ya biashara, picha hizi zimeingia katika mazungumzo ya kila siku, na huko zina adabu zake. Kikundi cha matanga ni mfano ulio wazi. Mweka hazina anaandika orodha ya waliochanga na nambari ya kutumia fedha. Kabla mzee wa nyumba hajafungua simu, zimeingia picha 40 za mishumaa inayowaka, njiwa wanaoruka na neno POLE likipepea. Orodha imesukumwa juu isionekane, na mzee anapiga simu kuuliza aliyechanga ni nani. Hakuna aliyekosea nia. Lakini "poleni" ya herufi sita ingefika haraka zaidi, na mweka hazina angefanya kazi yake kwa amani. Vikundi vingine vimeamua kufungua kikundi kidogo cha taarifa ambapo kamati peke yake ndiyo inayoandika, na kingine cha rambirambi. Ni mpango mzuri.

Kuna pia kusoma vibaya. Picha ya mwigizaji wa ng'ambo akigeuza macho juu, kijana anaituma kwa utani kwa rika lake. Ikifika kwa shangazi, ni dharau. Maandishi yana "tafadhali" na "samahani" za kuyalainisha, ilhali uso unaojirudia rudia hauna kitu cha kuulainisha. Kwa mteja aliyelalamika kwamba mzigo umechelewa, jibu la picha ya mtu anayecheka, hata kama lilikusudiwa kutuliza, linaweza kumfunga mteja huyo moja kwa moja. Malalamiko hujibiwa kwa maneno.

Kwa upande wa huduma za umma, kuna mahali ambapo picha inayocheza haina mshindani. Lugha ya Ishara ya Kenya, ambayo Katiba ya 2010 inaitaka Serikali iikuze, ni lugha ya mwendo. Ishara nyingi haziwezi kueleweka kwa picha iliyotulia, kwa kuwa maana imo katika jinsi mkono unavyosonga. Muuza dawa, karani wa ofisi au mhudumu wa afya anaweza kujifunza ishara za "maumivu", "wapi" au "subiri" kwa kutazama picha ya sekunde mbili mara ishirini hadi mkono wake uzoee. Na kwa kuwa hazitegemei sauti, mtu asiyesikia hapotezi kitu. Mtu asiyeona ndiye anayepoteza. Programu inayomsomea simu haiwezi kutegemewa kuyasoma maneno yaliyochorwa ndani ya picha. Tangazo la chanjo au la kukatwa maji lililo ndani ya picha tupu halimfikii. Liandikwe pia chini yake, lote, pamoja na tarehe na mahali.

Mafunzo ya kunawa mikono yana kasoro yake moja. Picha inayoonyesha hatua zote kwa sekunde 4 humfundisha mtoto hatua, lakini pia humfundisha kwamba sekunde 4 zinatosha. Muda halisi wa kusugua kwa sabuni, sekunde 20 au zaidi, hauna budi kuandikwa hapo hapo.

Na kumetameta kuna hatari yake ya kiafya. Mwezi Desemba 1997 nchini Japani, katuni ya Pokémon iliyoonyeshwa kwenye televisheni ilikuwa na sehemu ya taa nyekundu na buluu zikipishana kwa kasi, na watoto zaidi ya 600 walipelekwa hospitalini wakiwa na degedege, kizunguzungu na kichefuchefu. Mwongozo wa kimataifa wa kurasa za intaneti unataka kitu kisimeremete zaidi ya mara tatu kwa sekunde. Katika vijiji vingi kuna watu wanaoishi na kifafa, na baadhi yao hushikwa kwa sababu ya mwanga unaowaka na kuzimika. Neno OFA halihitaji kuwaka na kuzimika mara kumi kwa sekunde.

Sasa suala la aliye pichani, ambalo ndilo zito kuliko yote. Mwenye saluni anampiga mteja video fupi akigeuza kichwa ili misuko ionekane. Mwenye hoteli anapiga meza iliyojaa wateja wanaocheka. Mwenye shule ya chekechea anapiga watoto wakiruka. Zote ni picha nzuri, zote zinauza, na zote zimebeba nyuso za watu. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 huuhesabu uso kama huo kuwa data ya mtu binafsi, na kuutumia kibiashara kunahitaji idhini yake. Kwa mtoto, idhini hutoka kwa mzazi au mlezi. Si maneno matupu: mwezi Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data iliitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi, na sehemu moja ya burudani jijini Nairobi ikatozwa shilingi 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja wake kwenye mitandao ya kijamii bila kumuuliza. Mahakama Kuu nayo imewahi kuamuru watu walipwe fidia baada ya sura zao kutumiwa kutangaza biashara bila ridhaa.

Kwa mwenye kiti kimoja cha saluni, njia iliyo rahisi ni kupiga misuko kutoka nyuma, uso usionekane. Akitaka uso, amuulize mteja kabla ya kupiga, amweleze itawekwa wapi, kisha amtumie ujumbe wa kukubali ambao mteja ataujibu kwa maandishi. Ujumbe huo ndio ushahidi. Kunyamaza kwa mteja si kukubali, na tabasamu mbele ya kamera pia si kukubali. Sheria humruhusu mtu kuiondoa idhini yake baadaye, na akiiondoa, picha inatolewa, bila kumuuliza ana sababu gani.

Picha za wachezaji mpira, wasanii na sinema nazo zina wenyewe. Kuzitumia katika utani wa marafiki ni jambo ambalo wenye haki wengi hulifumbia macho. Kuziweka kwenye tangazo la kuuza viatu ni matumizi ya kibiashara, na hapo sheria ya hakimiliki ya mwaka 2001 inaingia, pamoja na swali la kama msanii huyo amekubali kuonekana akivisifu viatu hivyo. Fundi aliyejipigia geti lake mwenyewe hana deni kwa yeyote, na geti lake halifanani na la mwingine.

Limebaki la bei. Picha ikishatumwa haiko tena mikononi mwa aliyeituma. WhatsApp huruhusu kuufuta ujumbe kwa wote kwa muda wa siku mbili hivi, lakini aliyekwisha kuisambaza picha amekwisha. Mteja anaweza kuja mwezi wa pili akiwa na tangazo linalocheza la unga wa bei ya zamani, akiwa na hasira ya haki machoni pake, na Sheria ya Kumlinda Mtumiaji ya mwaka 2012 haipendi bei za kupotosha. Kwa hiyo tarehe ya mwisho ya ofa ikae ndani ya picha yenyewe, kwenye kila picha ya mfululizo, kwa herufi ambazo mteja anaweza kuzisoma bila miwani: "Bei hii ni hadi Jumamosi", ikifuatwa na tarehe, mwezi na mwaka.